Milima Nyuma ya Jaldesa

Baada ya mazishi ya baba yake, Tari Jaldesa aliingia studio ya Mzee Kinoti mjini Isiolo akiwa amebeba bahasha kubwa ya eksrei. Alikuwa Mborana, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Chechelesi, mrefu, mwembamba, mwenye pengo pana kati ya meno ya mbele, na alijulikana kwa utani wake katika kila soko la mifugo kuanzia Merti hadi miinuko ya Meru. Siku hiyo hakutania. Alitoa salamu, akaketi kwenye benchi la wateja, akaichomoa picha kutoka kwenye bahasha kwa ncha za vidole kama mtu anayetoa yai kiotani.

Ilikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mama yake, Qabale, alikuwa ameihifadhi kule Korbesa chini ya sanduku la nguo, na mchwa walikuwa wameifikia. Upande mmoja wote ulikuwa umeliwa, na ufa ulipita shingoni mwa kijana aliyesimama katikati. Kijana huyo alivaa shati jeupe na shuka, na begani alikuwa na bunduki. Nyuma yake yalibaki mabaki ya pazia la studio lililochorwa ziwa na miti.

Kaari, binti wa Kinoti, aliyekuwa akiiendesha studio tangu macho ya baba yake yaingie ukungu, aliitazama ile picha, kisha akamtazama Tari, kisha akarudi kwenye picha. Ilikuwa sura moja. Hata pengo la meno lilikuwa pale pale.

"Huyu ni mzee wangu mwenyewe, Jaldesa," Tari alisema. "Kabla hata hajamwoa mama. Hatuna nyingine. Ile ya kitambulisho tu, na kwa ile anaonekana kama mtu ameshikwa."

Mzee Kinoti, aliyekuwa amekaa mlangoni akiota jua, aliomba aelezwe kilichomo. Kaari alipotaja bunduki, mzee akacheka. Aliikumbuka. Aliichonga mwenyewe kutoka kwenye mti wa fremu ya kitanda, akaipaka rangi ya viatu, na kwa miaka mingi vijana wa mashambani na wa malishoni walipigania kupigwa picha nayo. Wengine walichagua simu ya mezani isiyo na waya, au redio isiyo na mashine ndani. Watu wa kaskazini, alieleza, walikutana na kamera kwanza mbele ya chifu, wamesimamishwa ukutani kwa ajili ya kipande, kitambulisho cha enzi zile, wakiambiwa wasicheke. Ndiyo maana walipopata shilingi za kuuza fahali mmoja walikuja kwake. Walitaka waonekane jinsi wanavyojiona wao.

Kaari aliifanya kazi hiyo kwa moyo. Aliiingiza picha kwenye kompyuta, akauziba ufa wa shingoni kidogo kidogo, kisha akaipitisha kwenye programu ya akili bandia inayotia rangi. Programu ilimpa Jaldesa ngozi ya kahawia yenye joto, na shati likawa jeupe kweli. Bunduki iliidhania ni ya chuma, ikaipa mng'ao wa chuma. Kaari aliliona hilo. Alifikiria kuirudisha rangi ya mbao, akaona imependeza, akaiacha. Lililomshinda ni pazia. Mchwa walikuwa wamelila mno, na kila programu ilipojaribu kulijaza ilileta vitu visivyoeleweka. Mwishowe akaliondoa lote. Mahali pake akaweka vilima alivyovipiga yeye mwenyewe asubuhi moja ya mvua akitoka Merti, anga zito, nyasi mbichi. Alilainisha kingo za mabega mpaka kijana akasimama pale kama aliyezaliwa pale.

Tari alipokuja kuichukua aliipeleka mlangoni kwenye mwanga. Kisha akamwambia, "Dada, umemfufua."

Aliiweka kwenye ukurasa wake wa Facebook na kwenye simu yake, na chini yake akaandika: Simba wangu. Nakala kubwa aliitia fremu akampa mama yake, aliyekuwa amehamia kwake Chechelesi baada ya matanga. Qabale alimtazama mumewe, akasema kwamba Jaldesa hakuwahi kumiliki bunduki nzuri hivyo maishani mwake, na watu wote nyumbani wakacheka.

Kiangazi kilipokolea, kulitokea uvamizi katika malisho ya mpakani, upande ambapo mashamba ya Wameru yanakutana na njia za ng'ombe wa Waborana. Watu wenye silaha walikuja alfajiri. Waliua wakulima waliokuwa wakilinda mifugo yao, akiwemo mwanamume aliyekuwa na watoto wadogo na mwingine aliyekuwa bado anasoma chuo, wakatoweka na ng'ombe. Hakuna aliyewaona vizuri. Polisi walisema wanachunguza. Mazishi yalifanyika, viongozi wakahutubia, na katika nyumba za matanga watu walibaki na hasira isiyo na sura.

Siku chache baadaye Kaari alipokea ujumbe kutoka kwa Bedan, binamu yake, aliyekuwa na duka la simu katika kituo kimoja cha soko huko juu mlimani, kwa Wameru wenzao. Bedan hakuandika neno. Alituma picha tu, na juu ya picha mtu mwingine alikuwa ameandika kwa herufi nyekundu: HUYU NDIYE ALIYEMALIZA WATU WETU. MJUE SURA YAKE.

Kaari alikuwa akimpiga mteja picha ya pasipoti. Aliviona vilima kwanza. Akamwomba mteja angoje.

Alimpigia Bedan papo hapo. Alimweleza kwamba picha ile ni ya zamani sana, kwamba mtu yule amekufa kwa figo hospitalini akiwa mzee mwenye mvi, kwamba bunduki ni ya mbao na aliichonga Mzee Kinoti mwenyewe. Bedan alimsikiliza. Kisha akamwambia kwamba yeye ana macho, na picha anayoiona ni ya rangi, safi, mtu kasimama malishoni na bunduki yake.

"Ni mimi nilitia rangi, Bedan. Ni mimi niliweka hayo malisho."

"Wacha kutetea wateja wako," Bedan alisema. "Tumezika watu hapa."

Tari, alipoelezwa, alicheka mwanzoni. Aliuliza kama wanataka kumshika marehemu. Lakini Kaari alimtumia yale ambayo watu walikuwa wakiandika, na kicheko kikakatika. Tayari kuna aliyesema anamjua mtu huyo, anauza mbuzi, hupita soko fulani siku fulani. Wakaenda pamoja kituo cha polisi. Ofisa waliyemkuta aliwasikiliza kwa adabu, akachukua maelezo yao, akasema picha za mitandaoni ni nyingi na hawezi kuzizima zote. Alimshauri Tari akae nyumbani mpaka mambo yapoe.

Kaari alifanya lile alilojua kufanya. Aliziweka picha mbili kando kwa kando, ya mchwa na ya rangi, akaandika habari yote bila kuficha sehemu yake, akaituma kila mahali picha ya kwanza ilipopita. Alingoja watu waone. Majibu yalikuja haraka. Wengine walimtukana, wakamuuliza ni Mmeru wa aina gani. Wengine walimshukuru, lakini hao walikuwa wachache. Jibu lililomvunja halikuwa tusi. Mtu mmoja aliandika kwa utulivu kabisa kwamba siku hizi ni rahisi kuichukua picha mpya ukaifanya ionekane ya zamani, ukaitia nyufa na kuitoboa matundu ya mchwa, ni kubonyeza tu. Watu wengi walikubaliana naye.

Mzee Kinoti alipapasa kwenye makopo yake mpaka akapata negativu yenyewe, kipande cha filamu kilichotoa picha ile. Kaari aliinyanyua dirishani, akaipiga picha ikiwa na mwanga nyuma yake. Jaldesa alionekana pale mdogo kama kucha, kila rangi imegeuka, uso mweupe, shati jeusi, bunduki nyeupe, pazia likiwa zima. Hiyo nayo akaituma. Vijana wengi hawakuelewa wanatazama nini.

Tari alikaa nyumbani. Kaari alimpigia mara kwa mara, na kila mara alimkuta amechoka zaidi. Mbuzi aliokuwa amenunua kabla ya hayo walikuwa wakikonda uani, kiangazi kikali, majani hakuna. Mkewe alikuwa mjamzito. Asubuhi moja alipita studio, akiwa amevaa koti safi, akasema anapanda mlimani na mbuzi wake. Kaari alimsihi asiende. Mzee Kinoti naye alimwambia angoje.

"Dada, mimi nimeuzia watu wale miaka mingi," Tari alisema. "Nimekula kwao. Nikijificha zaidi ya hapa, hata wale wananijua watasema ni kweli."

Mambo ya huko juu Kaari aliyasikia kutoka kwa Bedan, aliyepiga simu mchana ule. Tari alikuwa amefika salama. Wateja wake wa zamani walimsalimia, na mbuzi kadhaa walikuwa wameshanunuliwa. Kisha akatokea kijana asiyemjua. Kijana yule alishika simu, akaisogeza karibu na uso wa Tari, akatazama huku, akatazama huku. Watu wakakusanyika. Tari aliwaeleza kwa upole kwamba yule ni baba yake. Mtu mmoja nyuma akasema baba hawezi kuwa kijana kuliko mtoto, na watu wakacheka. Kwa muda kidogo ilionekana kama mambo yataishia kwenye kicheko.

"Halafu wakamwambia atabasamu," Bedan alisema. "Walitaka kuona meno."

"Na yeye?"

"Alitabasamu, Kaari. Alidhani wakiona vizuri watajua si yeye."

Hapo ndipo fimbo zilipoanza, Bedan alisema. Kaari aliuliza Tari yuko hospitali gani. Bedan akasema wamempeleka, lakini yeye alivyomwona hadhani atafika.

Hakufika. Walimrudisha Isiolo siku ile ile, na jua lilikuwa bado juu kiasi walipomzika. Kabla hata udongo haujakauka picha nyingine ilikuwa ikizunguka, Tari akiwa amelala chini karibu na mbuzi waliofungwa kamba, na watu walioisambaza waliiweka kando ya ile ya vilima. Chini yake waliandika kwamba haki imetendeka. Kaari aliripoti kila ukurasa alioukuta. Ukiondolewa mmoja, unatokea mwingine. Ikafika mahali akawa anaamka na picha ile mbele ya macho kabla hajashika simu.

Alikwenda Chechelesi kutoa pole pamoja na baba yake, akimshika mkono. Njiani Mzee Kinoti alisema neno moja tu, kwamba laiti angalichonga jembe badala ya bunduki. Wanaume waliokaa nje waliwatazama. Mmoja alisimama kama atakayewazuia, lakini mwingine akamgusa goti, naye akaketi. Kinoti alipewa kiti miongoni mwa wanaume. Kaari aliingia ndani kwa wanawake, akasema salaam aleikum kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia, akapiga magoti mbele ya Qabale.

Ukutani palikuwa na msumari mtupu. Wanawake walimweleza baadaye kwamba ndugu za marehemu walitaka kuichoma ile picha, na Qabale alikataa, akaifunga kwa kitambaa akaiweka mahali ambapo hawaambii.

Mama yule alikuwa mkavu wa macho. Alimtazama Kaari kama mtu anayetafuta jina la mgeni.

"Kwa nini uliweka milima?" aliuliza.

Kaari alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, ya kuomba msamaha, ya kueleza programu na mchwa na pazia. Yote yalimtoka.

"Nilitaka ipendeze, mama."

"Ilipendeza," Qabale alisema.

Hakumfukuza, wala hakumwambia amemsamehe. Aliagiza apewe chai, na Kaari akainywa ikiwa moto, ikamuunguza, kwa sababu hakujua la kufanya na kikombe mkononi mbele ya wanawake wale.

Kutoka pale Kaari aliamua kwamba kuna kitu kimoja kimebaki. Alijua Bedan alikuwa na simu mkononi siku ile. Mtu mwenye duka la simu hawezi kukosa. Alipanda mlimani akamkuta dukani, akamuuliza. Bedan alikana, kisha akafunga mlango wa duka akamwonyesha video. Alisema alipoanza kurekodi alidhani watu wakiiona kamera wataona aibu. Waliendelea. Kaari hakuitazama mpaka mwisho. Alimwambia aipeleke polisi, na Bedan akamuuliza kama anajua anachomwomba, maana yeye ndiye anayelala kijiji kile, si Kaari. Walizozana, wakalia wote wawili. Mwishowe aliipeleka.

Watu kadhaa walikamatwa. Kesi ilipangwa, ikaahirishwa, ikapangwa tena. Mke wa Tari alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Asho. Watu wa Chechelesi hawakuja tena studio ya Kinoti, na Wameru wengi pia hawakuja, kila upande kwa sababu yake. Kaari aliendelea na picha za pasipoti na za vitambulisho vya shule. Kompyuta ya kutia rangi aliifunga na kuiweka juu ya kabati, na mteja alipoomba apunguziwe makunyanzi au atolewe kovu, alimwambia kwa ufupi kwamba hafanyi kazi hiyo. Wengine walikwenda kwa mpiga picha mwingine mtaa wa pili.

Siku ya kusikilizwa kesi, Kaari alimsindikiza Qabale mahakamani. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumpeleka. Ndugu za Tari walisema hawapandi tena mlima ule. Waliketi benchi la nyuma. Video ilionyeshwa kwenye kioo kilichowekwa upande wa hakimu. Ilikuwa inatetemeka. Zilionekana nyayo, mgongo wa koti la buluu, fimbo zikipanda na kushuka, kwato za mbuzi, ardhi, kisha kidole gumba cha Bedan kimefunika kila kitu, na nyuma ya kidole sauti tu. Kaari alikuwa ameinamisha kichwa. Qabale alikuwa ameinua chake.

Wakili wa washtakiwa alimwuliza Bedan kama kuna uso hata mmoja katika video ile. Bedan akasema hakuna. Aliulizwa kama yeye, aliyekuwa amesimama hapo, anaweza kumtaja mtu. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa kituo kile. Bedan aliwatazama washtakiwa, vijana waliokuwa wakinunua vocha kwake kila siku, akatazama sakafu.

"Kulikuwa na vumbi," alisema.

Hakimu aliandika. Baada ya muda washtakiwa waliachiliwa kwa kukosa ushahidi, na jamaa zao wakawapokea nje kwa kuwashika mikono kimya kimya, kama watu waliotoka hospitali. Bedan alipita karibu na Kaari bila kusimama.

Qabale na Kaari walitoka wa mwisho. Nje kulikuwa na ukungu wa mlimani na baridi, na mama yule alijifunika mtandio mpaka kidevuni. Walitembea kuelekea barabarani. Kaari alijaribu kutafuta neno la kumwambia, akamweleza kwamba wakili wa serikali anaweza kukata rufaa, jambo ambalo hakuwa na hakika nalo.

"Wakati ule wa kidole," Qabale alisema, "kuna mtu alikuwa anaongea."

Kaari alisema alisikia kelele tu.

"Alikuwa mtoto wangu. Alikuwa ameacha Kiswahili, anaongea Kiborana. Hakuna mtu aliuliza anasema nini."

Kaari alisimama. Aliuliza Tari alikuwa anasema nini.

"Abba kiyya," Qabale alisema. "Baba yangu, baba yangu. Sijui kama alikuwa anawaeleza ile picha, au alikuwa anamwita."

Alikaza mtandio kidevuni. Kisha akaendelea kutembea, na Kaari akamfuata, akipunguza hatua ili asimpite.